Hakuna aliyemloga, ulikuwa ni ukuta



Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa sababu habari tunayoleta ni yetu wenyewe, na haitusifu. Ni habari ya mtoto mmoja wa hapa Songo mwenye pumu, ya nyanya mmoja tuliyekaribia kumtoa nyumbani kwake kwa maneno yetu, na ya kitu kinachoota ukutani ambacho kila mama amekwisha kukiona, akakifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Kitu hicho ni kuvu.

Mama wa mtoto ni mwenzetu katika kikundi. Ametuomba tusiandike jina lake, wala la mtoto, wala la nyanya. Mengine yote ametuachia tuyaseme. Alituambia, “Yasemeni, maana si mimi peke yangu ninayelala kwenye ukuta uliolowa.”

Familia yake ilifika Songo mwaka 2024, wakati Tanganyika ilipopanda na kuingia ndani ya nyumba za watu kule Kavimvira. Sisi wa Uvira tulikuwa tumezoea kuogopa maji ya mlimani. Wengi wetu hatujasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba watu na nyumba. Lakini ziwa lilikuja kwa namna nyingine, polepole, hatua kwa hatua, hadi mtu anaamka asubuhi anakuta sufuria zinaelea. Mwenzetu huyu alitoka na watoto 4, mume, shangazi wa mume ambaye ni mzee, na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Wakapanga vyumba viwili hapa kwetu, juu kidogo, mbali na ziwa. Tulimpongeza. Tulisema sasa ameponyoka maji.

Hatukuangalia ile nyumba imejengwa namna gani. Mnajua Songo ilivyo: mlima nyuma, ziwa mbele, na mtu akitaka kiwanja anachimba mlima. Mwenye parseli alikuwa amechimba, akajenga kwa matofali mabichi, na udongo wa mlima ukabaki umeegemea ukuta wa nyuma hadi usawa wa kiuno. Kwa ndani ukuta ulipakwa simenti, ukapigwa rangi ya bluu. Ulikuwa unapendeza. Mvua ikinyesha, maji yanayoshuka mlimani hayana pa kupita. Yanaingia kwenye udongo, kutoka kwenye udongo yanaingia kwenye matofali, na simenti ya ndani inayazuia yasikauke.

Kama ilivyo desturi, kikundi kilichanga. Tukaleta sufuria, ndoo, vikwembe viwili, unga, ndagala, na matela moja. Kumbukeni hiyo matela. Ilikuwa ya mwenzetu mwingine ambaye maji ya mwaka 2020 yalimfikia. Iliwekwa juani siku mbili, ikakauka kwa nje, ikafungwa kwenye plastiki na kukaa katika chumba cha vitu vya kikundi. Tuliitoa kwa moyo mweupe. Mtoto wa miaka 7 na nyanya wakapewa kulala juu yake, katika chumba cha nyuma.

Mtoto huyo alikuwa na pumu tangu utoto. Kule Kavimvira ilikuwa inamshika labda mara mbili kwa mwaka, anapewa ile pompi ya kuvuta dawa, inapita. Songo mambo yakawa mengine. Mvua zilipoanza mwezi wa 10, alianza kuamka saa nane za usiku, kifua kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka. Mwezi wa 11 ilikuwa karibu kila juma. Akakosa shule. Mama akauza kikwembe, akanunua dawa, dawa ikaisha, akakopa kwenye likelemba, akanunua tena.

Sisi tukatoa mashauri, maana kutoa shauri hakulipiwi franga. Tukamwambia, baridi ya usiku ndiyo inaleta pumu, funga dirisha kwa plastiki. Akafunga. Tukamwambia, usianike nguo nje wakati wa mvua, zitakaa na umande. Akaanika ndani, kwenye kamba juu ya kitanda. Ukutani vilipotokea vidoa vyeusi, tukamwambia apige rangi juu, maana wageni wataona aibu. Akapiga rangi. Kila shauri alilifuata, na kila juma mtoto alizidi kuumwa.

Likizo ya Noeli ilipofika, mtoto akapelekwa kwa mama wa mama yake huko Sange, kwenye bonde la Ruzizi. Siku ya nne akawa anakimbia na wenzake. Alikaa majuma mawili bila kugusa pompi. Aliporudi Songo, usiku wa tatu tu kifua kikafunga. Pasaka ikawa hivyo hivyo. Kule anapona, huku anaumwa.

Hapo ndipo lilipotoka neno. Hatukumbuki ni nani kati yetu alilisema kwanza, na hiyo si sababu ya kujitetea, kwa kuwa hakuna aliyelikataa. “Kule anapona, huku anaumwa. Basi huku kuna mtu.” Mtu gani? Nani analala naye? Nani hayuko Sange? Nani ana macho mekundu? Jirani akaongeza kwamba usiku, akipita kwenda chooni, anamwona nyanya amekaa kitako gizani, halali. Hatukuhitaji zaidi. Tangu siku hiyo nyanya alipokuja kuchota maji, wamama walipunguza sauti. Watoto waliambiwa wasipokee muhindi kutoka mkononi mwake.

Wamama, tunajua sote neno kama hilo linafika wapi hapa kwetu Kivu ya Kusini. Linaanza kwenye foleni ya maji na linaweza kumalizika kwa mawe. Tunaandika haya tukiwa na aibu.

Siku moja ya mwezi wa 4, watano kati yetu tukatumwa kwenda kumshauri mama amrudishe nyanya kwa ndugu zake, Fizi. Tulijiona tunafanya kazi ya amani: aondoke kabla mtu hajamdhuru. Mvua ikatukuta mlangoni, na kwa kuwa chumba cha mbele kilikuwa kinavuja, tukaingizwa chumba cha nyuma. Tulikaa pale kwenye kitanda, tukimzunguka mtoto, tukitafuta mahali pa kuanzia.

Mmoja wetu alifanya kazi ya usafi katika kituo cha afya kwa miaka mingi. Yeye hakusema salamu ndefu. Alinusa, akasema, “Harufu hii ninaijua. Sogezeni kitanda.”

Tukasogeza. Nyuma ya kitanda, chini ya rangi ya bluu iliyobabuka, ukuta ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Si vidoa. Ulikuwa kama sehemu ya chini ya sufuria. Katikati palikuwa na rangi ya kijani, na chini kabisa kulikuwa na manyoya meupe. Gunia la muhogo lililoegemea pale lilikuwa limeshikana na ukuta. Tukaigeuza matela. Upande wa chini ulikuwa na madoadoa meusi kama ngozi ya kanga. Tuliitambua. Ilikuwa ile yetu.

Nyanya, aliyekuwa amesimama mlangoni kutupisha, akasema, “Wanangu, huo ukuta ninaulalia tangu tufike. Na mimi sipumui vizuri. Nilidhani ni uzee. Usiku ninakaa kwa sababu nikilala ninakohoa, na tena ninamsikiliza huyu mtoto, pumzi yake isije ikakatika mama yake amelala.”

Hakuna kati yetu aliyetoa lile neno tulilotumwa.

Kesho yake tulikwenda na mama na mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi alitusikiliza hadi mwisho, akatufundisha, na sisi tunawaletea kama tulivyoelewa.

Kuvu si uchafu tu, ni kiumbe chenye uhai. Haina mbegu kama maharagwe, lakini inatoa vitu vidogo kama vumbi, vinavyoitwa spora, na hivyo ndivyo inavyoenea. Spora ziko kila mahali: sokoni, shambani, kanisani. Huwezi kuzimaliza. Nyingi ni ndogo hivi kwamba zaidi ya 10 zingepangwa mstari mmoja ndipo zifikie unene wa unywele wako. Zikitua mahali pakavu, zinakaa kimya. Zikitua penye maji, ndani ya siku 1 au 2 zinaanza kuota. Chakula chake ni kile kile kilichomo nyumbani mwetu: mbao, karatasi, nguo, unga, vumbi, hata majani yaliyochanganywa na udongo wa matofali.

Kuvu ikiota, inarusha spora hewani, nyingi zaidi ikiguswa au ikipigwa na ufagio. Mtu asiye na pumu akizivuta, huenda asisikie kitu, au atapiga chafya, pua itaziba, atakohoa, macho yatawasha na kuwa mekundu. Muuguzi aliposema “macho mekundu,” tuliangaliana, tukainamisha vichwa.

Kwa mtu mwenye pumu, mambo ni mazito. Njia za hewa kifuani mwake ni kama mlinzi mwenye hofu nyingi: akisikia kitu kidogo anafunga milango yote. Spora zikiingia, njia hizo zinavimba kwa ndani, misuli inayozizunguka inakaza, makohozi yanajaa, na hewa inapita kwa shida kama kwenye mrija uliobanwa. Ile filimbi tunayosikia ndiyo hewa inayotafuta njia. Pumu kwa kawaida huzidi usiku, na mtoto huyu usiku alikuwa na pua yake hatua moja kutoka kwenye kuvu, kwa saa 9 au 10, katika chumba ambacho dirisha lake sisi tulilifunga. Sange hakukuwa na mchawi aliyekosekana. Kulikuwa na ukuta mkavu.

Tulimwuliza kama kuna kipimo cha kupeleka Bukavu au Bujumbura kujua kuvu ni ya aina gani. Akacheka kidogo. Akasema Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na halikuweka kiasi cha spora ambacho mtu aambiwe hiki ni salama, hiki si salama. Lilisema unyevu wenyewe uzuiwe, na kuvu ikionekana iondolewe. Kwa hiyo, mama, kipimo ni jicho lako na pua yako. Ukiiona au ukiinusa, inatosha.

Na tusidhani ni shida ya nyumba za udongo peke yake, wala ya maskini wa Afrika peke yetu. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, Desemba 2020, alifariki mtoto wa kiume aitwaye Awaab Ishak, siku chache baada ya kutimiza miaka 2. Wazazi wake walitoka Sudan. Chumba chao kilikuwa na kuvu, baba alilalamika miaka na miaka, akaambiwa apige rangi juu. Novemba 2022 afisa anayechunguza vifo alitamka kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia za hewa uliotokana na kukaa muda mrefu katika kuvu ya nyumba yao. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayobeba jina lake, Sheria ya Awaab, ili wenye nyumba za umma walazimishwe kutengeneza nyumba zenye kuvu kwa muda uliowekwa. Mwenzetu aliyesoma habari hiyo kwa sauti katika mkutano wetu alishindwa kuimaliza alipofika kwenye ile rangi. Sisi pia tulisema, piga rangi.

Rangi haisaidii kitu, na sasa tunajua kwa nini. Maji yakiendelea kuingia, kuvu inakula na rangi yenyewe. Tena spora hata zikifa, bado zinaweza kukisumbua kifua chenye pumu. Haitoshi kuiua kuvu, lazima itoke nyumbani, na maji yaliyoileta yazibiwe njia.

Kwa hiyo tulianza na maji. Tulimwita mwenye parseli. Mwanzoni alisema wapangaji ndio wanaomwaga maji ndani. Hatukugombana naye. Tulimwomba aje mvua ikinyesha, akaja, akaweka kiganja chake ukutani, akakiona kimelowa. Alisema hana pesa ya kubomoa. Tukamjibu hatutaki pesa, tunataka ruhusa na majembe. Jumamosi tukafanya salongo. Wamama 14, vijana 6, na mume wa mwenzetu, tulichimba udongo ulioegemea ukuta, tukaacha nafasi ya kupita mtu mmoja kati ya mlima na nyumba, tukachimba mtaro wenye mteremko unaopeleka maji pembeni hadi kwenye mfereji wa avenyu. Kazi ya siku moja na nusu. Mwenye parseli mwenyewe alileta mawe ya kupanga kwenye mtaro. Baadaye aliongeza mabati mawili, yale manjanja, ili paa litokeze na kuutupa mvua mbali na ukuta.

Kisha tukangoja ukuta ukauke, na hapo palikuwa na hatari nyingine. Mmoja wetu alisema tuweke mbabula yenye makaa chumbani usiku kucha, mlango umefungwa, ukuta utakauka haraka. Muuguzi alikuwa amekwisha kutuonya. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na familia inaweza kulala isiamke tena. Na moshi wenyewe ni adui wa pumu. Ukuta tuliukausha kwa mlango na dirisha wazi mchana, na kwa subira. Mtoto na nyanya walilala kwa mwenzetu wa jirani.

Ukuta ulipoanza kukauka, tuliusafisha. Tunawaeleza namna, kwa kuwa hata hapa tungeweza kukosea.

Mwenye pumu hasafishi kuvu, wala hakai karibu. Anayesafisha anafunga pua na mdomo, anavaa plastiki mikononi, na anafungua mlango na dirisha. Hakuna kufagia ukuta mkavu, hiyo ni kuzirusha spora zote hewani. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, kisha ukwangue. Simenti iliyooza na udongo uliolegea tulivibandua vikiwa na maji, tukavitia kwenye ndoo iliyofunikwa, tukavitupa mbali. Mahali pagumu kama sakafu ya simenti, chuma au meza, sabuni na brashi vinatosha, kisha pakaushwe. Wengine wanapenda javeli. Javeli inawasha kifua cha mwenye pumu, na kwenye udongo haifiki ndani. Ukiitumia, itumie yenyewe, na hewa ipite. Usiichanganye kamwe na siki, wala na dawa nyingine ya usafi, maana mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sumu.

Baada ya ukuta kukauka kabisa hatukurudisha simenti. Tulipaka udongo mpya, na juu yake chokaa. Chokaa inauacha ukuta upumue, na kuvu haiipendi. Ni ya bei nafuu kuliko rangi, na ikichakaa unapaka tena.

Matela ilitupa shida. Kuvu ikiingia ndani ya sponji haitoki, hata ukiianika mwezi mzima. Inatakiwa kutupwa. Lakini nani hapa Songo anatupa matela? Tulikaa tukaizungumzia mara tatu. Mwishoni tuliitupa, na kwa majuma 5 nyanya na mtoto walilala juu ya mikeka miwili na blanketi, kwenye kitanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka chini. Nyanya alisema mkeka mkavu ni bora kuliko matela yenye maji. Baadaye tuliwanunulia mpya kwa pesa ya kikundi, tukiihesabu kuwa deni letu, si zawadi.

Vitu vingine havikugharimu franga hata moja. Kitanda kikasogezwa, sasa mkono unapita kati yake na ukuta. Plastiki ya dirisha ikaondolewa na kuwekwa wavu wa mbu, na mtoto anafunikwa vizuri kama kuna baridi. Nguo zinaanikwa chini ya baraza, haziingii chumbani zikiwa mbichi. Maji hayachemshiwi chumbani. Na gunia la muhogo likahamishwa. Hapa tuzungumze, wamama. Muhogo tunaoufunika ili ulainike unaota manyoya, na sisi tunakaa kuukwangua, mara nyingi ndani kwa sababu ya mvua, watoto wametuzunguka. Ile vumbi nyeusi inayopanda ni spora. Ukwangueni nje, upepo ukiwa mgongoni, na mwenye pumu awe mbali. Magunia yawekwe juu ya mbao au mawe, yasiguse ukuta, na yasikae pale mtoto anapolala.

Tusiseme kwamba ukuta umemponya mtoto. Pumu haijamtoka. Mambo mengine pia yanaiamsha: mafua, moshi, vumbi la barabara. Daktari alimwandikia dawa ya kuzuia, ya kuvuta kila siku, tofauti na ile ya kufungua kifua wakati wa shida, na akaeleza kwamba mtoto anayeshikwa mara kwa mara hapaswi kutegemea ile ya shida peke yake. Tulijifunza pia kuhusu chupa. Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye pompi, nyingi inabaki mdomoni. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar wa Cape Town na wenzake walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa pompi na kuzibwa vizuri pembeni, inafikisha dawa kifuani sawa na kile kifaa cha kununua. Dawa inapulizwa ndani ya chupa, mtoto anapumua polepole kwa mdomo wa chupa. Mwombeni muuguzi awaonyeshe kabla hamjajaribu.

Na kuna dalili ambazo hazingoji chupa, wala maombi, wala kikao cha kikundi: mtoto hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nyama ya kati ya mbavu inazama ndani kila anapovuta hewa, midomo inageuka rangi, anaanza kulegea na kusinzia, au dawa ya kufungua kifua haimsaidii. Huyo anapelekwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, tulikuwa na hofu. Tulikwenda kila baada ya mvua kubwa kuweka viganja ukutani. Msimu mzima mtoto alishikwa usiku mara 2, na mara zote 2 chupa na pompi zilitosha. Hakukosa shule zaidi ya siku 3. Nyanya bado anakohoa asubuhi, lakini analala. Macho yake yametulia.

Kuhusu nyanya, tulikwenda wote watano, pamoja na wale waliokuwa kwenye foleni ya maji. Tulipeleka kikwembe na samaki. Mkubwa wetu alipiga magoti akasema, “Nyanya, tulikusema vibaya, na uongo ulikuwa wetu. Utusamehe.” Alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani atakataa. Akajibu, “Mimi nimewasamehe. Lakini wako wengine wameondoka bila kuombwa msamaha, na kuta zao zimebaki pale pale.” Akapokea kikwembe. Akauliza kama chokaa imebaki, kwa kuwa kuna nyumba ya mjane mmoja nyuma ya kwake ambayo ameinusa.

Sasa ndiye anayetangulia tunapotembelea nyumba. Haulizi mengi. Anaingia, anasimama, anavuta hewa kwa pua, kisha anasema, “Mwanangu, unaniruhusu nisogeze hiki kitanda?”

Tumekubaliana katika kikundi mambo mawili. La kwanza, kila nyumba ya mwanachama itatembelewa kabla ya mvua, mwezi wa 8, tukiangalia paa, mtaro, ukuta wa nyuma na chini ya matela. Palipo na shida tunafanya salongo, kwa zamu, kama tunavyofanya likelemba. La pili, mtoto akiumwa na kupona kila anapohama nyumba, tutauliza kwanza kuhusu nyumba. Hatutauliza kuhusu mtu.

Uvira tunajua kipindupindu. Mtoto mdogo wa Songo anaweza kukuambia unawe mikono na uchemshe maji, kwa sababu tumefundishwa miaka mingi, na kwa sababu tumezika. Maji tunayokunywa tumejifunza kuyaogopa. Maji yaliyo ukutani bado tunayapaka rangi.

Basi, wamama, tunawaomba jambo moja juma hili. Kabla hamjalala leo, washeni taa, sogezeni kitanda cha mtoto, muangalie nyuma yake. Mkikuta pakavu, mshukuruni Mungu. Mkikuta peusi, msione aibu na msimtafute mchawi. Tuiteni. Majembe tunayo, na ndoo moja ya chokaa imebaki.

Tukutane juma lijalo.